BARAZANI: Picha Iliyong'olewa Ukutani



Juma hili nilitaka tuzungumze juu ya ghala za mahindi, maana mavuno yameingia na fukusi hawalali. Lakini posta imeniletea barua ya mama mmoja. Nimeisoma mara mbili, nikaona mahindi yangoje. Jina lake nalificha, na la kijiji chake pia. Wenyewe wakisoma watajijua, na wengine tusiwatafute.

Mumewe ni mwenyekiti wa jumuiya, mkulima mwenye bidii, mtu wa sala. Mwana wao wa kwanza yuko Kidato cha Tatu. Alipokuja likizo alileta picha aliyopewa na mwalimu wake wa fizikia, zawadi ya kushika nafasi ya kwanza. Picha ni nyeusi, nayo ina mistari myeupe mingi. Mingine imenyooka sambamba kama nyuzi za mfumaji, mingine imejiviringa kama gamba la konokono, na mingine yaanza ghafula mahali pasipo kitu, ikagawanyika njia mbili. Kijana akaibandika sebuleni, chini kidogo ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu.

Jioni baba akarudi kutoka shambani, akaiona. Utotoni mwake aliwahi kuona karatasi zenye mistari na viringo, waganga wakiwapa watu wenye shida wazishone ndani ya ngozi na kuzivaa. Akauliza, "Nani ameleta uganga nyumbani mwangu?" Hakungoja jibu, akaing'oa. Kijana akasema kwa uchungu, "Baba, hivi ni vitu ambavyo wataalamu wameviona kwa macho yao. Wewe huyo Mungu wako umemwona wapi?" Baba akamzaba kofi mbele ya wadogo zake.

Tangu siku hiyo ni juma la pili, na baba na mwana hawasemezani. Wakati wa Rozari kijana hatoki chumbani. Baba aongoza sala kama kawaida, lakini mama asema kwamba akifika kwenye litania sauti humkauka. Picha haikuchomwa moto. Mama aliiokota akaificha chini ya kanga zake sandukuni. Shule yafunguliwa karibuni. Mama huyu aniuliza mambo mawili: picha ile ni ya nini, na nani kati ya wawili hao ana haki?

Basi mama, naandika upesi, nikiomba gazeti hili likufikie kabla kijana hajapanda basi. Usiwasomee baba na mwana kila mmoja peke yake. Wasomee pamoja.

Nyayo pasipo mnyama

Kwanza, picha yenyewe. Kwa jinsi ulivyoieleza, hiyo si uganga hata kidogo. Ni picha ya nyayo.

Ninyi wenye mashamba karibu na pori mwajua jambo hili. Asubuhi mwafika shambani, mwakuta mihogo imefukuliwa na udongo umevurugwa. Nguruwe mwenyewe hayupo, lakini nyayo zake zipo. Mwindaji mzoefu huinama, akawaambia walikuwa wangapi, yupi mkubwa, yupi achechemea, na wamekwenda upande gani. Hakuwaona, lakini hadanganyi. Hali kadhalika konokono hupita ukutani usiku, na kukipambazuka yeye keshakwenda, njia yake yang'aa. Hata ndege ile iendayo juu sana, msiyoiona wala kuisikia, mwaijua kwa mstari mweupe inaouacha mbinguni.

Mistari ya picha ile ni ya namna hiyo. Iliachwa na vitu vidogo mno vinavyopita kasi mno. Kila kitu tunachokigusa, jembe, jiwe, mkono wako mwenyewe, kimefanywa kwa atomi. Ukizipanga atomi kama milioni 10 kwa mstari mmoja, utapata upana wa milimita moja tu. Na ndani ya atomi mna vitu vidogo zaidi: elektroni, protoni na vinginevyo. Hakuna jicho lililopata kuviona, wala darubini ya kukuzia wadudu haivifikii. Basi watu walijuaje njia zake?

Mwana wa mfugaji na mawingu

Hapa nataka kijana asikilize vizuri, maana habari hii ilianza kwa mwana wa mfugaji wa kondoo.

Charles Wilson alizaliwa Uskoti mwaka 1869. Baba yake alikufa mtoto akiwa na miaka 4, mama akahamia mji wa Manchester na watoto wake. Wilson akasoma, akafika Chuo Kikuu cha Cambridge. Septemba mwaka 1894 alipanda mlima Ben Nevis, ulio mrefu kuliko yote ya Uingereza, akakaa majuma mawili katika kituo cha kupima hali ya hewa. Kila siku aliona jua likiangaza mawingu yaliyo chini yake, na pete za rangi zikikizunguka kivuli kilichoanguka juu ya mawingu hayo. Akapendezwa sana, akasema moyoni kwamba akirudi atayatengeneza mawingu hayo katika chupa, ayachungue.

Akafanya hivyo. Alifua vioo kwa mikono yake mwenyewe, akatia ndani hewa yenye unyevu, kisha akaipanua ghafula. Hewa ikipanuka ghafula hupoa, na mvuke hutafuta mahali pa kushika upate kuwa matone. Kwa kawaida hushika vumbi. Lakini Wilson aliondoa vumbi lote, na bado matone machache yakatokea. Yameshika nini? Baadaye akatambua: yameshika vipande vya hewa vilivyotiwa umeme. Kitu kidogo chenye umeme kikipita hewani kwa kasi huzigonga atomi njiani na kuziacha na umeme. Mvuke huzishika, na palipopita kitu hutokea mstari wa matone membamba kama umande juu ya uzi wa buibui. Ukiangaza taa na kupiga picha wakati huohuo, umepata nyayo.

Alianza kazi hiyo mwaka 1895. Picha za kwanza za mistari alizipata mwaka 1911. Hesabu miaka, kijana: ni 16! Katikati alifanya na kazi nyingine, lakini chupa ile hakuiacha. Mwaka 1927 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Mmarekani Arthur Compton. Alikufa mwaka 1959 akiwa na miaka 90. Wahenga wetu husema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa Wilson mawingu yalikuwa dalili ya kitu kidogo kuliko vyote alivyovijua.

Jinsi ya kusoma mistari

Sasa baba aweza kusema, "Haya, ni nyayo. Lakini mistari ni mistari tu. Wajuaje huyu ni nani na yule ni nani?" Swali jema. Hata mwindaji hujifunza.

Vitu vizito vyenye umeme mwingi huacha mstari mnene, mfupi, ulionyooka, kama gogo lililoburutwa. Elektroni ni nyepesi. Huacha mstari mwembamba unaoyumba. Ukiweka chombo kati ya sumaku kubwa, mistari hupinda: yenye umeme wa namna moja hupinda upande huu, ya namna ya pili upande wa pili. Kitu chenye nguvu hupinda kidogo. Kilichochoka hupinda sana. Ndiyo maana mingine hujiviringa kama gamba la konokono: elektroni inazunguka, inapungukiwa nguvu, mzunguko unazidi kuwa mdogo mpaka inatulia.

Tarehe 2 Agosti mwaka 1932, huko California, Marekani, Carl Anderson alipata picha moja ya ajabu. Katikati ya chombo chake aliweka bamba la risasi lenye unene wa milimita 6. Mstari mmoja ulipita bamba hilo. Mwindaji akikuta unyayo huuliza kwanza: mnyama alikuwa anakuja au anakwenda? Anderson naye aliuliza hivyo. Akaona kwamba juu ya bamba mstari umepinda zaidi kuliko chini yake. Basi kitu kile kilipita risasi kikachoka, yaani kilitoka chini kwenda juu. Na kama kilikwenda juu, upande kiliopindia waonyesha kilikuwa na umeme chanya. Lakini wembamba wa mstari ulikuwa wa kitu chepesi kama elektroni, na elektroni umeme wake ni hasi! Kumbe ni ndugu pacha wa elektroni, kinyume chake. Kikaitwa positroni. Mwaka 1936 Anderson akapewa tuzo ya Nobel. Na leo mashine za hospitali kubwa hutumia positroni kutafuta saratani mwilini mwa mgonjwa. Mstari mmoja ulisomwa kwa uangalifu, na watu wanaponywa.

Na ile mistari miwili ianziayo mahali pasipo kitu, kama herufi V? Hiyo ndiyo inipendezayo kuliko yote. Kitu kisicho na umeme hakiachi mstari. Hupita kimya. Lakini kikivunjika, hutoa vipande viwili vyenye umeme, navyo huacha njia mbili. Hivyo mahali peupe, pasipo mstari, napo pana habari. Mwaka 1947, katika chuo cha Manchester, George Rochester na Clifford Butler walitangaza picha za namna hiyo, zikafungua mlango wa vitu vipya ambavyo hakuna aliyevitazamia.

Picha ya kijana, nadhani, si ya chupa ya mawingu bali ya chombo kilichofuata. Mwaka 1952 Mmarekani Donald Glaser alitumia maji ya dawa yanayochemka upesi badala ya hewa. Aliyapasha moto yakiwa yamebanwa, kisha akaachilia ghafula. Umefungua chupa ya soda? Ilipokuwa imefungwa hukuona povu. Ulipoifungua viputo vikapanda. Ndivyo ilivyo: viputo hutokea kwanza njiani mwa kitu kilichopita. Vyombo hivyo vikakua. Kimoja, katika maabara ya CERN karibu na Geneva, Uswisi, kilikuwa na upana wa mita 3.7. Kufikia mwaka 1984, kilipopumzishwa, kilikuwa kimetoa picha milioni 6.3. Na nani alizitazama? Katika maabara nyingi walikuwa wanawake, waliokaa mbele ya meza zenye mwanga, picha baada ya picha, wakipima kila mstari. Mama mwenye kuchambua mchele ajua kazi hiyo.

Padre juu ya mnara

Baba, nisikilize sasa wewe. Usidhani elimu hii ni kazi ya watu waliomkimbia Mungu.

Mwaka 1910 padre mmoja Mjesuiti, Theodor Wulf, alipanda Mnara wa Eiffel mjini Paris na chombo chake cha kupimia umeme wa hewa. Watu wa siku zile walidhani mionzi inayotia hewa umeme yatoka ardhini tu. Kama ni hivyo, juu ya mnara, mita 300 kutoka chini, ingepungua sana. Padre akapima, akaona imepungua, lakini si kwa kadiri iliyotazamiwa. Akaandika alichokiona.

Akatokea Victor Hess wa Austria, Mkatoliki mwenye kushika dini. Alipanda katika puto, mara kwa mara, mchana na usiku. Alipanda hata siku ya kupatwa kwa jua, aone kama mionzi yatoka kwenye jua. Tarehe 7 Agosti mwaka 1912 alifika mita 5,300 hivi. Kilimanjaro ni mita 5,895. Fikirini mtu aning'inia ndani ya kikapu karibu na kimo hicho, katika baridi ile, akisoma vipimo. Akaona kwamba juu zaidi mionzi huongezeka badala ya kupungua. Basi yatoka mbinguni, yaani nje ya dunia yetu! Mwaka 1936 alipata tuzo ya Nobel pamoja na yule Anderson. Mwaka 1938 Wanazi walipoitwaa Austria, walimwondoa kazini. Mke wake alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Wakakimbilia Marekani, naye akafundisha Chuo Kikuu cha Fordham, cha Wajesuiti, mjini New York. Hakuona haya kusema na kuandika kwamba amwamini Mungu.

Mwaka uleule wa 1938 mwanamke mmoja wa Vienna, Marietta Blau, Myahudi, naye alilazimika kukimbia. Yeye alitumia vioo vya picha vyenye dawa nzito. Aliviacha juu ya mlima karibu na Innsbruck kwa miezi, mionzi ya mbinguni ichore yenyewe. Mwaka 1937 yeye na Hertha Wambacher walikuta katika dawa hiyo alama kama nyota, mistari mingi ikitoka pamoja: ni mahali atomi ilipopasuliwa. Wengine waliofuata njia hiyo, Cecil Powell na wenzake wa Bristol, wakapeleka vioo mpaka mlima Chacaltaya wa Bolivia, na Powell akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1950. Marietta Blau hakupata. Nasema haya ili kijana ajue kwamba hata katika elimu hii haki haitendeki kila siku, na kazi njema ni njema hata isipolipwa.

Na mionzi hiyo si ya Ulaya wala Marekani peke yake. Hapo ulipoketi, mama, ukisoma gazeti hili, kunjua kiganja. Karibu kila sekunde kitu kimoja kinachoitwa muoni chapita katika kiganja chako, kikitoka juu hewani, nawe husikii. Chapita paa, chapita meza, chaingia ardhini. Vitu hivyohivyo vilitumika hapa Afrika kulichungulia piramidi kubwa la Mfalme Khufu nchini Misri. Wataalamu wa chuo cha Nagoya, Japani, waliweka ndani ya piramidi dawa ya picha kama ile ya Bi Blau. Palipo na mawe mengi muoni chache hupita, palipo wazi hupita nyingi. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba ndani yake kuna uwazi mkubwa, urefu wake mita 30 au zaidi, ambao hakuna aliyeujua. Hawakutoboa jiwe hata moja.

Picha mbili ukutani

Sasa tufike penye jeraha: picha ile kuwekwa karibu na Moyo Mtakatifu.

Tazameni tofauti ya picha hizo mbili. Ile ya Moyo Mtakatifu ilichorwa na mtu. Mchoraji hakumwona Bwana. Alichora ili tumkumbuke. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulitufundisha kwamba heshima tunayoipa picha yamwendea yule anayeonyeshwa, wala haiishii kwenye karatasi au rangi. Ile ya kijana haikuchorwa na mtu. Kitu chenyewe kilipita kikaacha alama, kama mguu uachavyo alama matopeni. Moja ni ya ukumbusho na heshima. Ya pili ni ya ushahidi. Hazishindani, maana kila moja ina kazi yake.

Tena watu wengi wamezipenda picha za mistari hiyo kwa uzuri wake tu. Zilitoka nyeusi na nyeupe. Baadaye wengine wakazitia rangi, nyekundu na kijani na buluu, zikawekwa katika vitabu na kuta za makumbusho. Kijana asidanganyike: rangi zile ni za mtu, mistari ndiyo ya kitu. Siku hizi maabara kubwa nyingi hazipigi tena picha za mawingu wala viputo. Katika CERN kuna mviringo chini ya ardhi wenye mzunguko wa kilometa 27, na kompyuta ndizo zichoramo mistari kutokana na vipimo. Huko wachoraji wamekaribishwa. Mwaka 2010 Josef Kristofoletti alichora ukutani chombo kimoja kikubwa cha CERN, mchoro wenye kimo cha ghorofa tatu. Mwaka 2013 msanii Xavier Cortada alitengeneza mabango matano makubwa juu ya kitu kilichotangazwa tarehe 4 Julai mwaka 2012, kiitwacho Higgs. Na aliyafanya kwa mfano gani? Kwa mfano wa madirisha ya vioo vya rangi, yale ya makanisa makubwa. Baba, walio mbali na dini nao, wakitaka kuonyesha jambo kubwa, hukumbuka dirisha la kanisa.

Nani ana haki?

Mama, sasa swali la pili. Nitajibu bila kuzunguka.

Baba ana haki kuuliza ni kitu gani kimewekwa nyumbani mwake, hasa karibu na picha takatifu. Mlinzi asiyeuliza si mlinzi. Lakini hakuuliza. Aling'oa kwanza. Hasira, hasara: amepoteza majuma mawili ya mwanawe, na majuma ya mtoto aliye Kidato cha Tatu hayarudi. Mtoto aliyeleta nyumbani zawadi ya kushika nafasi ya kwanza alitazamia uso wa baba yake ufurahi. Akapata kofi. Baba, wewe huongoza sala mbele ya watu, usione aibu kumwambia mwanao, "Nilikosea." Hutapungua. Watoto wako watajifunza toba kwa kuiona, nayo ndiyo katekesi iliyo bora.

Kijana ana haki juu ya picha. Lakini ulikosea mara mbili. Kwanza, umekosea fizikia. Ulisema wataalamu wameviona vitu vile kwa macho. La! Muulize mwalimu wako. Wilson hakuiona elektroni, aliona matone ya maji. Glaser aliona viputo. Bi Blau aliona chembe nyeusi za dawa. Kitu chenyewe hakuna aliyekiona, tangu mwaka 1911 hata leo. Waliona alama, wakafikiri kwa haki, wakapima tena na tena, wakasadiki. Ukimdharau baba yako kwa kuwa asadiki asichokiona, wawadharau na mabingwa wako pia.

Pili, neno lile halisemwi kwa mzazi. Ulilirusha kama jiwe, likampata mahali palipo laini kuliko pote. Ulijua litampata. Hilo nenda kaliungame, si kwa padre tu, bali kwa baba yako kwanza.

Lakini nisije nikamsaidia baba kwa hila. Wako wahubiri wepesi watakaosema, "Mwaona? Elektroni haionekani lakini ipo, basi na Mungu yupo!" Mimi sitasema hivyo. Mungu si kitu kidogo kilichojificha katika chupa, wala sumaku haimpindi. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, alikuwa mwangalifu sana asiifanye fizikia yake kuwa hoja ya dini. Tumfuate. Picha ile haithibitishi imani ya baba. Yaondoa tu kizuizi kimoja cha kijana: kutokuona kwa macho si sababu ya kukana. Zaidi ya hapo, imani hupatikana kwa njia nyingine. Siku ya Pasaka Mtume Yohane aliingia kaburini, hakumkuta Bwana, alikuta sanda tu, akaamini. Lakini alikuwa amekaa na Bwana, amekula naye, amesimama chini ya msalaba. Aliyependa ndiye ajuaye kusoma alama. Kijana, kaa na Bwana kwanza, ndipo useme kama yupo au hayupo. Na mahali rahisi pa kukaa naye ni pale pale sebuleni, saa ya Rozari.

Haya, mama, fanya hivi. Leo jioni itoe picha sandukuni. Ikunjue mezani, chini ya taa, ukainyooshe kwa kiganja. Usihubiri, maana nimekwisha kuhubiri mimi ya kutosha. Mwambie baba amwombe kijana amweleze mstari mmoja tu: ule wa konokono. Kisha baba naye amweleze kijana jinsi ya kujua nyayo za nguruwe mwenye kuchechemea, maana naapa kijana huyo hajui. Wakimaliza, itundikeni picha tena. Si lazima chini ya Moyo Mtakatifu. Ukuta wa mkabala wafaa, karibu na dirisha, kijana apate kuiona akisoma. Na atakayeishika misumari awe baba.

Kisha mnipe habari. Fukusi tutawarudia juma lijalo.

Ni mimi wenu,
Mkaa Barazani